Mitego ya panya kwa jicho la bakteria: springi, gundi, kizimba na sumu

Vifaa vya panya husifiwa kwa hesabu ya mizoga. Hapa kipimo ni kingine: panya akishanaswa, mkojo wake, kinyesi, mate na viroboto vinabaki wapi, na ni mikono ya nani itakayovigusa? Ukipima hivyo, mtego wa springi unaongoza kwa mbali. Ubao wa gundi, ambao wengi huukimbilia kwa kuwa ni rahisi kutega, unashika mkia.

Sababu imo mwilini mwa panya mwenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa panya 133 wa jiji la New York. Miongoni mwa walivyovikuta ni Salmonella, aina za E. coli zinazoharisha watu, Leptospira, Bartonella na Streptobacillus moniliformis. Kila bakteria ana mlango wake wa kutokea. Leptospira, anayeleta homa ya mgunda, hujikalia kwenye vijifereji vya figo za panya bila kumwuguza, kisha hutoka na mkojo. Kwa binadamu huingilia kwenye michubuko, macho, pua au mdomo. Akikauka hufa upesi, ila kwenye udongo wenye unyevu au maji yaliyotuama huweza kuishi wiki kadhaa. Salmonella ni kinyume: hutoka na kinyesi na huvumilia ukavu, ndiyo maana rafu kavu isiyo na doa bado inaweza kuchafua chakula. Streptobacillus hukaa mdomoni na kooni, akaingia kwa kung'ata au kukwaruza. Bartonella, na tauni pale ilipo, hubebwa na viroboto.

Sasa mtego wa springi. Nunua saizi ya panya mkubwa wa mjini, yaani takriban sentimita 17 kwa 8. Ule mdogo uliotengenezewa vipanya vya ndani humvunja mguu au mkia tu, naye hukimbia akidondosha damu na mkojo chini ya makabati. Kati ya mbao na plastiki, chukua plastiki ngumu. Mbao hunywa mkojo na damu hadi ndani, mahali ambapo hakuna brashi inayofika, na ukiiloweka kwenye dawa hujipinda, upau wa kupigia ukaacha kushuka sawasawa. Kasoro ya plastiki ni meno yake yanayoushikilia upau: ya bei rahisi hulika baada ya kufyatuka mara kadhaa, mtego ukawa unajifyatua wenyewe usiku. Kabla ya kulipa, utege na uuguse ulimi, yaani kile kibao cha chambo kinachoufyatua, kwa kijiti chembamba, kamwe si kwa kidole. Ukihitaji kuusukuma kwa nguvu, panya atakula chambo na kwenda zake. Kikombe cha chambo kinachojazwa kutoka nje kabla ya kutega ni faida kubwa, kwa sababu vidole havikai karibu na upau.

Chambo kiwe kidogo, kama punje ya njegere. Siagi ya karanga ni nzuri kwa kuwa inanata. Ukipaka nyingi panya hulamba pembeni bila kuukanyaga ulimi. Kama analamba kila usiku na mtego haufyatuki, funga kipande cha chambo kigumu kwa uzi ili alazimike kuvuta.

Panya wa mjini huogopa kitu kigeni njiani mwake. Weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku 3 hadi 5, kisha siku wanapokula bila wasiwasi itege yote usiku mmoja. Panya hupita ukutani ndevu zikiugusa ukuta, kwa hiyo mtego ukae kama herufi T na ukuta, upande wa ulimi ukiuelekea. Acha meta 5 hadi 6 kati ya kituo kimoja na kingine, na kila kituo kiwe na mitego miwili iliyokaa sambamba, maana anayeuruka wa kwanza hutua kwenye wa pili. Penye watoto, paka au mbwa, mitego iingie kwenye sanduku linalofungwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kununua mtego mmoja. Utafiti uliofanywa Vancouver, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa panya wachache wakiuawa mtaani, wanaobaki huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba Leptospira. Maelezo ya watafiti ni kwamba kuwapunguza kidogo kidogo huvuruga makundi yao: wanapigana, wanahama, wanachanganyika. Anayeua panya mmoja kwa wiki huenda anaifanya nyumba yake iwe hatari zaidi. Mitego 10 kwa usiku mmoja inashinda mtego mmoja kwa usiku 10, na kazi isiishe hadi mashimo yazibwe. Panya mchanga hupenya tundu la milimita 12, basi ziba kwa saruji iliyoshindiliwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, au kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6.

Ubora wa mtego huu huonekana asubuhi, wakati wa kumtoa panya, na hapo pia ndipo watu huharibu. Tazama chini ya mkia: pana doa lenye unyevu, nalo ni mkojo ulioachiwa upau ulipopiga. Hilo ndilo la kuogopa kuliko mzoga wenyewe. Fungua madirisha, toka, acha hewa ipite kwa dakika 30. Vaa glavu za mpira. Changanya sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu 9 za maji, dawa ya siku hiyohiyo, kwa sababu iliyolala hupungua nguvu. Usiichanganye kamwe na amonia wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi yenye sumu. Lowesha panya, mtego na sakafu inayouzunguka kwa kunyunyizia taratibu, usisukume mkondo wa nguvu unaorusha matone usoni. Subiri dakika 5. Dawa hiyo huua bakteria, na kulowa pia huwazuia viroboto kuruka hovyo.

Bana upau, mwachie panya aanguke kwenye mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye mfuko wa pili, funga tena. Futa doa kwa karatasi, kisha nyunyiza mara ya pili, kwa kuwa uchafu wenyewe hula nguvu ya klorini na raundi ya kwanza haikufika chini. Ufagio mkavu usiuguse kabisa, maana unarusha vumbi la kinyesi hewani ukalivuta puani. Mtego ufue kwa maji safi ukauke juani, la sivyo klorini itakula springi ndani ya muda mfupi. Osha glavu zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue na unawe kwa sabuni.

Ubao wa gundi hauna sifa yoyote kwa upande huu. Panya hafi hapo. Analia, anajivuta, anakojoa na kunya juu ya gundi kwa saa nyingi, huku viroboto wakibaki kwenye mwili ulio hai. Kisha mtu anapaswa kumkaribia mnyama mwenye hofu na meno huru. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri gundi na mitego ya kunasa panya hai isitumike kwa sababu hiyohiyo ya mkojo. Vumbi na unyevu pia hudhoofisha gundi, panya mkubwa akajichomoa na kuburuta ubao hadi chini ya jiko. Isitumike, hata kama wa springi haupatikani siku hiyo.

Kizimba kina nafuu ya kuoshwa, lakini panya hai hukojoa kupitia waya, na bado lazima umwue au umwachie kwa jirani pamoja na Leptospira wake.

Sumu ina mahali pake penye panya wengi sana, ikiwa ndani ya masanduku yanayofungwa na mikononi mwa mtaalamu. Aina za kuzuia damu isigande, kama bromadaioloni na brodifakumu, huua baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo panya anaendelea kukojoa jikoni, halafu anafia darini au ndani ya ukuta usipoweza kunyunyiza chochote. Mzoga ukipoa, viroboto huuacha na kutafuta damu nyingine. Penye tauni hilo ni hatari ya kweli: viroboto washughulikiwe kwanza kwa dawa yao, panya baadaye.

Vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa sauti isiyosikika na binadamu, viache dukani. Panya huzoea.

Kifaa chochote utakachochagua, jeraha la panya lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, na daktari amwone mtu siku hiyohiyo. Homa ya kung'atwa na panya inayoletwa na Streptobacillus huanza mara nyingi siku 3 hadi 10 baadaye, pamoja na vipele na maumivu ya viungo, wakati ambapo jeraha limeshapona na kusahaulika. Homa ya mgunda huweza kuchelewa zaidi, kati ya siku 2 na 30, ikija na maumivu ya kichwa, macho mekundu na misuli ya shavu la mguu inayouma ukiibonyeza. Zote mbili hutibika kwa antibayotiki zikiwahiwa, na zote hufanana na homa nyingine nyingi, kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba ulishika mitego ya panya, na tarehe uliyoishika.