Tairi ya baskeli ya resi ya zamani: soma namba ndogo kwanza

Tairi iliyoandikwa 28 inaweza kuwa ndogo kuliko iliyoandikwa 27. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu ndilo lililonipotezea tairi mpya, tyubu mbili na Jumamosi nzima.

Baskeli yenyewe ni Raleigh ya resi ya miaka ya 1970. Usukani wake umekunjwa kama pembe za beberu, na rangi ya kijani imeanza kuachia kwenye uma wa mbele. Aliiacha marehemu ami yangu, nami naipanda mpaka leo: hapa Unguja, siku za kazi Mwanakwerekwe hadi mjini, siku za mapumziko hadi Paje. Rimu zake ni 27 x 1 1/4. Tairi ya nyuma ilipofika kipara nikazunguka Darajani, na kila duka jibu lilikuwa moja: 27 hakuna, chukua 28, ni ndugu hizo. Kijana wa kufunga naye akanitoa wasiwasi. "Ami, hii yaingia tu, yataka nguvu kidogo." Akapaka sabuni, akachomeka bisibisi mbili, akakanyaga rimu kwa mguu. Iliingia kweli. Ila wakati inaingia nilisikia mlio mdogo ndani ya mdomo wa tairi, ule ukingo unaoshika rimu, kama konyo kavu la karafuu linapovunjika, nikaunyamazia. Nilipofika karibu na Tunguu tairi ikanyanyuka ukingoni mwa rimu, tyubu ikachomoza kama puto, ikapasuka. Ule mlio ulikuwa wa waya wa ndani ya mdomo kukatika.

Kijana yule simlaumu. Majina ya inchi yanamdanganya kila mtu. Zamani Waingereza na Wafaransa walipima tairi kwa nje, ikiwa imeshafungwa na kujazwa upepo, tena tairi ya unene fulani. Miaka ikapita, unene ukabadilika, jina likabaki. Lakini kinachokaa kwenye rimu ni mdomo wa ndani, na huo una kipimo chake cha milimita. Kipimo hicho kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa herufi ndogo, mara nyingi bila rangi, kimechomoza tu kwenye mpira: namba mbili zenye kistari kati yao, kwa mfano 32-630. Ya kwanza ni unene wa tairi. Ya pili ni upana wa duara pale mdomo unapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili haina mjadala. Ikiwa rimu yako ni 630, unataka 630, si 622 wala 635.

Hizi ndizo utakazokutana nazo visiwani. 635 ni ile baskeli ndefu ya wazee yenye breki za vyuma, Phoenix ya Kichina, Hero ya Kihindi, Raleigh kubwa: hiyo ndiyo 28 x 1 1/2. 630 ni baskeli za resi za zamani za Uingereza na Marekani, yaani 27 x 1 1/4, nchi ambazo ziliishikilia saizi hii mpaka miaka ya 1980. 622 ni 700C, ambayo Wafaransa wanayo tangu zamani na leo imeenea dunia nzima. Hii 622 ndiyo yenye mtego, kwa sababu madukani huitwa pia 28, na ikiwa ya baskeli ya milimani huitwa 29. Majina matatu, rimu moja. Ile 28 niliyouziwa mimi ilikuwa 622, milimita 8 pungufu ya rimu yangu. Kisha kuna 590, ambayo ni 26 x 1 3/8, ya Raleigh za kawaida na za Kijapani zenye kapu mbele. Na 559 ni 26 ya baskeli ya milimani, ile inayoandikwa kwa nukta, 26 x 1.75 au 26 x 2.0.

Hapo penye nukta na mkwaju pana kanuni ya kushika. Saizi ya mkwaju, kama 1 3/4, na saizi ya nukta, kama 1.75, kwa hesabu ya skuli ni sawa. Kwa tairi si sawa, na moja haifungiki mahali pa nyengine. Muuzaji akikwambia ni mamoja, mwombe akuoneshe ile namba ndogo ubavuni.

Na kama tairi la zamani limeshatupwa au maandishi yamefutika? Chukua uzi wa cherehani. Vua kila kitu kwenye rimu, laza uzi kwenye kile kibaraza chembamba kando ya ukuta wa rimu, mahali mdomo wa tairi unapokaa. Usiuache utumbukie kwenye bonde la katikati. Zungusha mara moja, kata, kisha unyooshe juu ya futi ya fundi cherehani. Sentimita 199.5 ni 635. Sentimita 197.9 ni 630. Sentimita 195.4 ni 622. Ukipata kama 185.4, ni 590. Rudia mara tatu, maana uzi ukilegea kidogo tu, 630 inageuka 635. Mimi nilifanya hivi barazani kwangu, mke wangu ameshika upande mmoja wa rimu, na mara zote tatu tukaangukia kwenye 198 kasoro kidogo. Jumamosi ile zingetosha dakika kumi za uzi.

Sasa chaguo zenyewe. Napanga kwa mwenye rimu za 27, yaani 630, maana yeye ndiye mwenye shida. Wenye 28 ya wazee na 26 nitawafikia.

Ya kwanza kabisa ni tairi ya 27 x 1 1/4 yenye waya, nyeusi, yenye tabaka la kuzuia miiba. Schwalbe Marathon ya saizi 32-630 ndiyo niliyofunga mimi mbele na nyuma. Chini ya kashata, ule mpira unaokanyaga njia, ina tabaka la mpira la milimita 3, na hilo utalishukuru ukipita njia za uwandani kule Jambiani na Makunduchi, ambako jiwe la matumbawe lina makali ya chupa iliyovunjika. Ni nzito, sikufichi. Ukiinua baskeli kupanda nayo ngazi unaihisi mkononi. Kuipata ni kuagiza, au kumtuma mtu anayerudi kutoka Ulaya, na akinunua anunue mbili. Ukiikosa, Kenda ya Taiwan nao hutoa 27 x 1 1/4. Ni nyepesi zaidi na bei yake ni ya chini, ila mwiba wa mkunazi unaipita kirahisi.

Ya pili, kwa mwenye kupenda wepesi na asiyetoka lami, ni Panaracer Pasela, ya Kijapani, nayo ipo kwa 630. Ubavu wake wa kahawia unairudishia baskeli ya zamani sura yake. Kwa barabara ya mjini hadi Nungwi ni raha tupu, baskeli inateleza kama ngalawa yenye kaskazi nyuma. Kwa barabara ya kifusi siipendekezi: ubavu ni mwembamba na jiwe likiukata hakuna kiraka kitakachoushika sawasawa.

Ya tatu ni siri ambayo mafundi wengi hawaijui. Baadhi ya baskeli za kapu zinazoteremka na mitumba ya Japani zina magurudumu ya 27 x 1 3/8. Mkwaju ni mwengine, unene ni mwengine, lakini namba ya ndani ni 630 ile ile. Tairi yake, 37-630, inakaa kwenye rimu yako ya resi bila bisibisi. Swali linabaki kwenye nafasi tu. Ni nene kwa milimita 5, kwa hiyo tazama chini ya breki, chini ya madigadi na kati ya vyuma vya nyuma karibu na pedeli. Kalamu ya risasi ipite kati ya tairi na chuma bila kugusa. Isipopita, masika ya kwanza tope litaganda humo na gurudumu litasimama. Ikipita, hii ni tairi nzuri sana kwa mwenye kubeba mzigo, na mimi ningeiweka ya kwanza kwa ndugu wa Pemba anayepanda vilima vya Chake hadi Wete na pakacha nyuma. Hakikisha tu ni mpya au karibu na mpya. Ile iliyokaa miaka kwenye mtumba nje, juani, iache.

Ya nne ni kubadilisha magurudumu yote uhamie 700C. Wako watu wenye akili zao wanaoiweka ya kwanza, na ninaelewa kwa nini: ukishahamia 622 hutahangaika tena na tairi maisha yako yote. Rimu zako zikiwa zimeliwa na kutu mpaka breki zinakwaruza, fanya hivyo bila kusita. Lakini pima kwanza mambo mawili. Raba za breki lazima zishuke milimita 4, na breki nyengine za zamani hazina nafasi ya kushuka kiasi hicho. La pili ni upana wa nyuma. Baskeli ya gia tano kwa kawaida ina milimita 120 kati ya vyuma vya nyuma, ya gia sita 126, na haba, yaani vitovu vya magurudumu, za siku hizi ni 130 au 135. Chuma cha zamani kinapanuka, fundi anayejua anaweza kukifungua taratibu pande zote mbili sawa. Fundi asiyejua atakupindishia baskeli, na hapo hakuna tairi itakayokusaidia.

Ya mwisho ni tairi nyembamba za 27 x 1. Zipo, zinavutia macho, na kwa barabara zetu ni kununua pancha kwa fedha yako mwenyewe.

Mwenye 28 x 1 1/2 ana nafuu. Tairi za 40-635 za Kihindi na Kichina zipo karibu kila duka la vipuri vya baskeli, Unguja na Pemba, kwa sababu baskeli hizi bado ndizo zinazobeba polo la karafuu, majani ya ng'ombe na ndoo za samaki. Nunua iliyo nzito, waya usiyumbe ukiubana, na nyuzi za ndani zisionekane. Schwalbe nao wana Marathon ya 635 kwa atakayetaka kuagiza. Kwa mzigo wa kila siku mimi ningenunua mbili za Kihindi na kubakisha chenji. Mwenye 26 x 1 3/8 naye asihangaike: tairi za 37-590 zipo na hata za mtumba wa Kijapani zinamfaa, mradi asipewe 559.

Ukiwa dukani, usichukue tairi iliyoning'inizwa nje mlangoni. Jua la Darajani limeipiga miezi. Omba ile iliyo ndani, iliyofungwa karatasi. Ikunje ubavu kwa vidole viwili mbele ya mwanga: ukiona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, rudisha, hata kama kashata haijaguswa. Pitisha kidole kwenye mdomo wote, mzunguko mzima. Mahali waya umepinda utapahisi, na doa la kutu likitoka kwenye kidole, tairi hiyo imeshakaa na unyevu. Usikubali tairi ya kukunjika, isiyo na waya, kwa rimu za zamani. Kuta za rimu hizo nyingi zimenyooka wima, hazina kingo za kushika mdomo wa tairi, na tairi laini huruka upepo ukizidi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwa rimu za zamani za 27 mimi sivuki paundi 70 za upepo, hata kama ubavu wa tairi umeandikwa zaidi. Mashine ya upepo ya kituo cha mafuta isikaribie baskeli yako: inafika huko kabla hujaondoa mkono. Pampu ya mguu inatosha.

Tyubu haina ubishi kama tairi. Mpira wake unanyooka, tyubu ya 700 x 32 inaingia vizuri kwenye 27 x 1 1/4. Cha kuangalia ni vali. Tundu la rimu lililotobolewa kwa vali nene ya zamani litaiacha vali nyembamba ya resi icheze, na shina lake litakatika. Tafuta tyubu yenye vali nene. Na chini ya tyubu weka mkanda wa kitambaa juu ya vichwa vya spoku. Kipande cha tyubu kuukuu ambacho mafundi hukikata kwa mkasi kinasaidia kwenye 28 ya wazee, lakini kwenye resi upepo ni mwingi zaidi, kinatumbukia kwenye matundu na pancha hutokea upande wa ndani, mahali ambapo hakuna atakayefikiria kutafuta mwiba.

Wengi wetu, maji yakipwa, tunakata njia ufukweni kwenye mchanga mgumu. Mimi pia, Paje hadi Jambiani, asubuhi, hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Chumvi lakini hupenya kati ya mdomo wa tairi na rimu, ikaanza kula waya na chuma pamoja. Ukifika, mimina kata mbili za maji baridi, yasiyo na chumvi, kila gurudumu, lizungushe, kisha liache kivulini likauke kabla hujaiingiza baskeli ndani.