Altaneta Kubwa na Mota ya Umeme Kwenye Boti Ndogo: Tazama Mkanda Kwanza

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo sijakaa mezani, nimejikunja ndani ya chumba cha injini cha boti yangu ya mita 9, kwa sababu ninachotaka mkione hakiko kwenye picha za matangazo. Tusogeze kamera hapa. Mnaona huu unga mweusi juu ya kifuniko cha altaneta, hiki kifaa kinachozungushwa na injini kwa mkanda ili kitoe umeme? Napitisha kidole, tazameni kilivyotoka. Mtu akiuona haraka atasema ni masizi ya dizeli. Huu ni mpira. Ni mkanda wangu wa zamani, ulijisaga wenyewe saa baada ya saa mpaka ukabaki mwembamba.

Basi uchambuzi wa leo una vitu viwili: altaneta hii ya volti 48, ampea 100, niliyoifunga kwenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 30, na baadaye tutahamia boti ile nyingine ya mita 7, ambayo dizeli imetolewa kabisa ikawekwa mota ya umeme. Zote mbili nimezitumia vya kutosha kuwa na la kusema.

Tuanze na namba iliyochapwa kwenye boksi. Ampea 100. Namba ya namna hiyo kwa kawaida hupimwa altaneta ikiwa haijapata joto, na ikizunguka kwa kasi kubwa, mizunguko 6,000 kwa dakika. Boti yako ukiwa umetia nanga, injini inazunguka polepole bila mzigo, haifiki huko hata kidogo. Chukua puli ya injini yenye kipenyo cha milimita 150 na puli ya altaneta ya milimita 60: kila injini ikizunguka mara 1, altaneta inazunguka mara 2 na nusu. Injini kwenye 850, altaneta iko kwenye 2,100 na kidogo. Hapo mimi napata chini ya nusu ya kilichoandikwa. Nikipandisha injini hadi 1,500, altaneta inakaribia 3,800, na mambo yanakuwa mazuri. Ikishachemka sawasawa, kama baada ya nusu saa, inatulia kwenye ampea 78 hivi. Mimi nimeridhika na hizo 78. Nisingeridhika kama ningepanga maisha yangu ya baharini kwa kutegemea 100.

Sasa kwa nini volti 48 na siyo 12? Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Volti ya kuchaji betri za 48 ni kama 56, zidisha kwa ampea 100, unapata kilowati 5.6. Ukitaka nguvu hiyohiyo kwenye mfumo wa volti 12, unahitaji ampea 400. Joto linalopotea ndani ya kebo hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ampea zikiwa mara 4, kebo ileile inapoteza joto mara 16. Utanunua shaba nene kama kidole gumba na bado utaishika uhisi ina joto. Tena altaneta nyingi za kawaida za volti 12 hugeuza nusu tu ya nguvu ya mkanda, au zaidi kidogo, kuwa umeme. Inayobaki ni joto ndani ya chumba hiki hiki ambacho tayari kina injini.

Turudi kwenye mkanda, maana ndio moyo wa habari yenyewe. Kutoa kilowati 5.6 za umeme, altaneta hii inavuta kama kilowati 7 kutoka kwenye injini. Hizo ni zaidi ya nguvu 9 za farasi, zote zinapita juu ya mpira. Fundi aliyenifungia mara ya kwanza aliniambia mkanda mmoja wa milimita 10 unatosha, tukaze tu vizuri. Tukakaza. Siku ya kwanza ilikuwa kimya. Siku ya tatu nikasikia harufu ya mpira uliopata moto, nikafungua kifuniko nikakuta unga huu. Nikakaza tena. Ukishaanza kukaza tena na tena, ujue unahamishia tatizo kwingine, kwa sababu kwenye dizeli nyingi ndogo mkanda huohuo ndio unazungusha pampu ya maji. Nguvu ya kukaza inavuta beringi ya pampu upande mmoja. Yangu ilianza kudondosha maji kwenye shafti, tone moja moja, yakiingia ngamani, chini kabisa ya boti.

Sogeza kamera hapa chini kidogo. Hili ni sikio la breketi ya kwanza, nimelitunza. Mnaona mstari mwembamba kama unywele unaotoka kwenye tundu la bolti? Huo ni ufa. Breketi ilitengenezwa kubeba altaneta ndogo ya ampea 50, ikabebeshwa chuma cha uzito mara mbili kinachotikisika usiku na mchana. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za altaneta kubwa ni breketi nene iliyoshika injini sehemu mbili au zaidi, puli za mkanda mpana wa mifereji mingi, na mkanda wa altaneta ukae peke yake, mbali na pampu. Nilipofanya hivyo unga uliisha. Huu niliowaonyesha nimeuacha kwa makusudi ili niurekodi.

Jambo la pili ni regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaotolewa na altaneta. Ukichaji betri za risasi, zenyewe hupunguza ampea kadiri zinavyojaa, kwa hiyo altaneta inapata kupumua. Lithiamu haina huruma hiyo. Inameza kila unachoipa mpaka karibu na kujaa, na altaneta inafanya kazi kwa nguvu zote saa nzima, mbili, mpaka nyaya za ndani zinaungua. Kwa hiyo regyuleta iliyojengwa ndani ya altaneta haifai hapa. Unahitaji ya nje, yenye sensa ya joto iliyofungwa kwenye mwili wa altaneta, ipunguze mzigo joto likizidi. Yangu nimeiweka ianze kupunguza kwenye nyuzi 105.

Na kuna hatari nyingine ambayo muuzaji hataisema mpaka umuulize. Betri ya lithiamu ina ubongo wake unaoilinda, na ukiona hatari unakata umeme ghafla. Altaneta ikiwa katikati ya kutoa ampea 80, ule umeme unakosa pa kwenda, volti inaruka juu kufumba na kufumbua, na dayodi, vile vipande ndani ya altaneta vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, zinakufa. Lazima ubongo wa betri uiambie regyuleta izime kwanza, ndipo betri ijitoe. Kama betri uliyonunua haina waya wa kutoa ishara hiyo, mimi kwa maoni yangu usiifunge na altaneta kubwa.

Kitu kimoja kizuri ambacho sikukitarajia: injini yangu inafanya kazi vizuri zaidi sasa. Propela hutumia nguvu kidogo sana kwenye mizunguko ya katikati. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, propela inahitaji takriban sehemu moja ya nane ya nguvu, ilhali dizeli kwa mizunguko hiyo bado ina nguvu nyingi ya akiba. Altaneta inakula akiba hiyo, na dizeli hupenda kubebeshwa mzigo kuliko kuzunguka bure. Ila ukihitaji kasi yote, labda mkondo unakusukuma kwenye miamba, unataka farasi zote 30 ziende kwenye shafti. Nimeweka swichi hapa kando ya usukani inayozima altaneta mara moja. Msiisahau hiyo swichi.

Haya, tuhamie boti ya pili.

Kimya, sivyo? Inatembea sasa hivi na mnanisikia bila mimi kupaza sauti. Wazo lenyewe ni la zamani, Gustave Trouvé alitembeza boti kwa mota ya umeme kwenye mto Seine, Paris, mwaka 1881. Hii ni mota ya kilowati 10, volti 48, na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 10, yenye uzito wa kilo 100 na zaidi. Nimeipima maji yakiwa yametulia. Kwa kilomita 8 kwa saa inakula kilowati 1.5. Kwa kilomita 11 kwa saa inakula 5.5. Ongezeko la kilomita 3 tu, na matumizi karibu mara 4! Nikitumia asilimia 80 ya betri, kwa mwendo wa polepole nafika kilomita 42. Kwa mwendo wa haraka ni kilomita 16, betri imekwisha. Mkono wako kwenye kishikio cha kasi ndio unaoamua ukubwa wa betri yako.

Kuna kosa moja la ufungaji ambalo nimeliona kwenye boti zaidi ya moja. Propela inaposukuma maji nyuma, yenyewe inasukuma shafti mbele, kuelekea omo. Kwenye dizeli, msukumo huo unabebwa na beringi zilizo ndani ya gia. Ukitoa injini na gia yake, umetoa na hizo beringi. Mota nyingi hazikuundwa kusukumwa hivyo, kwa hiyo lazima kuwe na beringi maalumu ya msukumo, na iwe imefungwa kwenye msingi imara wa boti. Hii hapa, ndani ya kasha hili la bluu. Bila hiyo, mota inajila yenyewe ndani kwa ndani.

Na tafadhali, vueni pete na saa za chuma kabla ya kugusa nyaya hizi. Volti 48 haikurushi sana ukiishika kwa mikono mikavu, lakini betri hii ikipata shoti inamwaga maelfu ya ampea. Weka fyuzi ya daraja T, ile iliyoundwa kukata umeme mkubwa sana, karibu kabisa na betri. Fyuzi za magari hazina uwezo wa kuzima cheche ya namna hiyo.

Wengi mnaniuliza: kwa nini usichanganye, altaneta kubwa ichaji, mota ya umeme isukume, siku nzima? Fuata njia ya nguvu. Altaneta inapitisha asilimia 80, betri 95, mota na kontrola yake kama 88. Zidisha, unabaki na 67. Theluthi imepotea njiani, wakati gia ya kawaida inapoteza asilimia chache tu. Kwa safari ndefu, dizeli isukume propela moja kwa moja. Kwa yule anayetoka gatini asubuhi, anazunguka saa tatu nne na kurudi, mota ya umeme, na dizeli sitaitamani. Mwenye dizeli nzima anayetaka friji na taa bila jenereta, altaneta ya 48 na mkanda mpana.

Narudi sasa kwenye boti yangu. Mkanda mpya umefikisha saa 10 tangu nilipoufunga, na mikanda hunyooka saa za mwanzo. Nabonyeza katikati kwa dole gumba, hivi. Umelegea kidogo. Niletee spana namba 17.