Gemu za kunyemelea za kurejea misheni: ipi ununue kwanza ukiwa Unguja au Pemba

Ndugu yangu wa Wete, mtoto wa ami yangu, kanipigia simu mwezi uliopita kanambia kaka nna pesa ya gemu moja tu na sitopata nyengine mpaka sikukuu, nipe ya kunyemelea ambayo nikiimaliza naianza tena na sichoki. Tukazungumza saa nzima. Kwa vile na hapa maskani suali hilo naulizwa kila siku, nimeona bora niyaandike.

Kipimo changu mie ni mara ya pili. Gemu nyingi za kujificha mara ya kwanza ni tamu, moyo unadunda, lakini ukiirejea ushajua mlinzi anapita wapi na anageuka saa ngapi, basi unapita kule kule na imekwisha. Inayostahiki pesa yako ni ile ambayo misheni moja ukibadilisha nguo, au njia, au saa ya kuingia, inakuwa kitu chengine kabisa. Halafu viko vipimo viwili vya hapa kwetu: bando likikata gemu inabaki gemu au inageuka gofu, na umeme ukikatika umepoteza dakika mbili au saa nzima.

Namba moja ni Hitman World of Assassination, na kwa hili nashikilia. IO Interactive wa Denmark waliitoa kwa mafungu, Hitman mwaka 2016, Hitman 2 mwaka 2018, Hitman 3 Januari 2021, halafu Januari 2023 wakazikusanya zote tatu zikawa gemu moja, na aliyekuwa na Hitman 3 akapewa mzigo mzima bila ya kulipa tena. Kwa hivo ukikuta mtu anauza ile ya 2016 peke yake kwa bei inayokaribiana na ya hii, iache.

Chukua misheni ya Paris. Jumba kubwa, ndani muna onesho la mitindo, wageni wamejaa, na wewe, muuaji wa kukodiwa aitwae 47, unawatafuta wawili uwaue: Viktor Novikov anayezunguka chini na Dalia Margolis yuko juu anaendesha mnada wa siri. Mara ya kwanza nilivaa nguo za mhudumu nikamtilia Novikov kitu kwenye kinywaji anachokipenda. Mara ya pili nikamvizia mwanamitindo mmoja, Helmut Kruger, kafanana na 47 kama pacha wake, nikavaa nguo zake nikapita jukwaani mbele ya kila mtu na makamera yananipiga, na kupita kule ndo kulikonifungulia mlango wa kwa Dalia. Mara ya tatu sikuvaa nguo ya mtu, suti yangu tu mwanzo mwisho, nikatafuta rimoti ya fataki, nikaziwasha, wakatoka wenyewe nje kutizama.

Na siri ya kwa nini haichoshi iko hapa: kila nguo ina watu wake wanaokujua. Ukiwa mhudumu, wa kumuogopa ni mkuu wa wahudumu, ukiwa mlinzi unamuogopa mkuu wa walinzi, na wanaoweza kukubaini wana alama nyeupe juu ya kichwa. Ukibadilisha shati tu, ramani nzima ya hatari imebadilika, ukumbi uliokuwa unapita kifua mbele sasa unapita ukutaukuta. Paris ina ngazi 20 za umahiri, na kila ukipanda unapata sehemu mpya ya kuanzia au kifaa kipya cha kuingia nacho, na misheni kama hizo ziko katika miji na nchi chungu nzima. Mie Paris peke yake imenichukua wiki tatu na sijaimaliza yote.

Sasa shida yake, na hii uisikie kabla hujatoa pesa. Hitman inataka intaneti. Bila ya intaneti misheni unacheza, lakini ngazi hazipandi, changamoto hazihesabiwi, vifaa ulivyovipata huvioni, na ile hali ya Freelancer, ambayo misheni zake zinabadilika kila mara, haifunguki kabisa. Yaani kile hasa unachokinunulia gemu ndo kinachoondoka. Unapocheza wenyewe haili data nyingi, lakini mtandao lazima usimame, na kuidanlodi ni makumi ya GB, usijaribu kwa bando la siku. Kama nyumbani una waya wa intaneti, au jirani anakugaia wa uhakika, nunua hii na usitizame nyuma. Kuna Starter Pack ya bure, ina ile sehemu ya mafunzo, ijaribu kwanza hapo hapo kwako uone mtandao wako unaihimili au vipi.

Namba mbili ni Dishonored 2, na kwa mtu wa hotspot ya simu kama ndugu yangu, hii ndo namba moja. Ya kampuni ya Arkane, Novemba 2016, iko PS4, Xbox One na kompyuta, unacheza peke yako na haikuulizi intaneti. Unachagua Emily au Corvo, na hawa si sura tu, nguvu zao ni mbali mbali: Emily anaweza kuwafunga watu kwa uzi wa uchawi, ukimlaza mmoja wanalala wote, Corvo anasimamisha wakati na kuingia katika mwili wa panya. Hata ukitaka kukataa nguvu zote ukacheza kwa mikono yako na upanga, gemu inakuruhusu, na ukiweza hivo umeweza kweli. Pia inakufuatilia, ukiua ovyo mji unaharibika, nyumba zinajaa inzi wa damu na mwisho wa hadithi unakuwa mbaya. Disemba 2016 ikaongezwa hali ya kuanza upya ambapo unachanganya nguvu za wote wawili, hiyo utaipata kwa apdeti, apdeti moja unaweza kwenda kuipakua kwa rafiki.

Jumba la Jindosh, mvumbuzi mmoja ndani ya gemu hiyo, peke yake lingetosha kuinunulia gemu. Unavuta mtambo, kuta zinageuka, sakafu inapanda, chumba ulichosimama kinakuwa chengine huku Jindosh anakusemesha kwenye spika kama mwenyeji. Mara ya kwanza utavuta mitambo kama anavyotaka yeye. Mara ya pili, kabla ya kuvuta, inua macho juu: kuna kioo. Kivunje, ingia nyuma ya kuta, utembee ndani ya mashine ya nyumba na yeye hana habari kama kuna mgeni. Na unasevu popote ukitaka, umeme ukikatika umepoteza kidogo tu.

Mwenye PS3 asivunjike moyo, Dishonored ya kwanza, ya 2012, iko huko, na ile karamu ya vinyago ya akina Boyle ni dada watatu na anayetafutwa anabadilika ukianza tena, kwa hivo huwezi kukariri.

Namba tatu Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, Konami, Septemba 2015, hii nayo iko mpaka PS3. Uzuri wake ni maadui wanaojifunza. Ukizoea kupiga vichwa wanaanza kuvaa helmeti, ukizoea kuja usiku wanaleta miwani ya kuonea gizani. Tabia yako mwenyewe ndo inayokuzuia kurejea mchezo ule ule, na kama helmeti zimekuchosha unatuma askari wako wakaharibu ghala lao. Misheni ya yule kamanda wa kijiji cha Shago, kule Afghanistan, nimeifanya alfajiri kwa bunduki ya mbali, nimeifanya ndani ya tufani la mchanga, nimeifanya kwa kumlaza na kumfunga puto akapaa zake hai, na kila mara alama zinatoka tofauti. Nimeiweka ya tatu kwa sababu haisevu utakapo wewe, ina vituo vyake, na umeme ukikatika baina ya kituo na kituo unarudi nyuma, kwa huku kwetu hilo linauma.

Laptop ya kawaida ya skuli? Mark of the Ninja, ya Klei, mwaka 2012 na ile iliyosafishwa 2018. Haikuwekei milima na magari, mtu wako unamuona kwa ubavu tu akenda kushoto na kulia, lakini nguo unayovaa inabadilisha mchezo, kuna moja inakunyang'anya upanga halafu inakupa mbio zisizosikika. Laptop ikiwa na nguvu kidogo tizama Shadow Tactics ya 2016, Japani ya zamani, watu watano kila mmoja na ufundi wake, na inakukumbusha yenyewe kila baada ya muda kwamba hujasevu. Splinter Cell Blacklist ya 2013 naiweka mwisho, ni nzuri na inakupa alama kwa mitindo mitatu, lakini njia zake ni chache.

Kuhusu kununua wenyewe. CD ya PS4 inacheza mashine yoyote, ije ya Dubai ije ya Uingereza, lakini kwa nyongeza za kudanlodi lazima eneo la CD lilingane na eneo la akaunti yako, kwa hivo uliza kabla. CD iliyotumika usiilipie zaidi kwa sababu ya karatasi yenye namba za siri za kufungulia nyongeza ndani ya boksi, mie niliuziwa hivo duka moja mjini na namba zilishatumika zamani. Na CD ya kompyuta ya Metal Gear Solid V usiikaribie kama huna intaneti: mnamo 2015 watu waliifungua wakakuta ndani muna kifaili cha kuweka Steam tu, lile duka la gemu la mtandaoni, gemu yenyewe uidanlodi. Ukinunua Steam subiri mauzo ya msimu, hizi zote ni za zamani na bei inashuka sana.

Ndugu yangu kachukua Dishonored 2, CD ya mtumba, nimempelekea kwa boti. Kamaliza na Emily, kaanza na Corvo. Jana saa nane za usiku kanitumia voisi, sauti ya chini kwa sababu mama kalala chumba cha pili, kaka nimevunja kile kioo, nimo ndani ya ukuta, namuona Jindosh anakunywa chai na hajui kama nipo.