Blood on the Clocktower mtandaoni: mchezo uliowaachia wafu kura

Michezo ya kumsaka msaliti ina ugonjwa mmoja ambao mchezaji hauoni, anauona anayeandaa. Mtu anauawa mapema, anaambiwa anyamaze, kisha kwa saa nzima anasikiliza wenzake wakibishana juu ya kifo chake. Mezani angalau angewatazama usoni na kucheka. Mtandaoni anazima maikrofoni, anafungua kitu kingine, na mwaliko unaofuata haujibu. Makundi mengi huanza na watu ishirini yakaishia na saba walewale, na viongozi wake hulaumu muda, intaneti au uvivu wa watu. Wasitafute mchawi mbali.

Kwa hiyo mchezo naupima kwa swali moja: aliyekufa wa kwanza anarudi? Kwa kipimo hicho, Blood on the Clocktower umeipita mingine yote niliyowahi kuisimamia, ingawa unamchosha msimamizi kuliko yote.

Ukoo wake ni mrefu kidogo. Mwaka 1986 Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Moscow, alibuni Mafia: wachache wanaojuana dhidi ya wengi wasiojuana. Mwaka 1997 Andrew Plotkin aliwavika wale wachache ngozi ya mbwa-mwitu, na tangu hapo mifupa ya mchezo imebaki ileile. Baadaye, mwaka 2008, wanahisabati Braverman, Etesami na Mossel walionyesha kwamba pasipo na mpelelezi, yaani mchezaji anayeambiwa kwa siri nani ni msaliti, idadi ya wasaliti inayoleta ushindani wa haki hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wachezaji. Yaani ukizidisha kijiji mara nne, wasaliti wazidishe mara mbili tu. Waandaaji wapya hawaamini hili. Wanaona watu wameongezeka, wanamwaga wasaliti kama chumvi, halafu wanashangaa kijiji kinafutika siku ya pili.

Blood on the Clocktower unakuondolea hesabu hiyo. Steven Medway, mbunifu wa Australia, pamoja na kampuni ya The Pandemonium Institute, waliuchangishia fedha kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2019, na maboksi yakawafikia watu mwaka 2022. Unachezwa na watu 5 hadi 15, na jedwali linakwambia kila idadi inataka nani na nani. Mkiwa 10, wanakijiji ni 7, vibaraka wanaomsaidia Pepo ni 2, na Pepo mwenyewe 1. Mkiwa 11, anaongezeka mmoja wa wale tunaowaita wa pembeni, yaani mtu mwema ambaye kuwepo kwake ni hasara kwa wenzake. (Majina ya wahusika nayaandika kama tunavyoyaita kwenye kundi letu.) Usiku Pepo anaua, mchana kijiji kinajadili, kinashtaki, kinapiga kura na kunyonga. Pepo akifa, wema wameshinda. Wakibaki hai wawili tu, Pepo akiwa mmoja wao, kwisha habari.

Tofauti yake ni kwamba ukifa hufukuzwi. Unaendelea kuongea, kunong'ona, kutetea na kusingizia, na unabaki na kura moja ya kutumia siku yoyote mpaka mchezo uishe. Huwezi tena kumshtaki mtu, na uwezo wako maalumu kwa kawaida umekwenda na roho yako, lakini kura hiyo moja ni mali. Nimeona watu wakiipigia magoti.

Mfano ninaoupenda ni wa kijana mmoja kwenye kundi letu ambaye alinyongwa siku ya kwanza kwa kosa la kuongea haraka. Alikuwa Mpiga Ramli: kila usiku anachagua watu wawili, naye anaambiwa kama mmoja wao ni Pepo. Usiku wa kwanza alikuwa ameambiwa ndiyo. Kwenye Mafia ya kawaida angekufa na siri yake, au angeimwaga kwenye pumzi ya mwisho kisha akanyamazishwa. Hapa alizunguka akiwa marehemu, akamvuta huyu pembeni, akambembeleza yule, na kura yake akaibana hadi siku ya mwisho, hai wakiwa watatu. Mshukiwa wa kwanza alipata kura nne. Akashtakiwa wa pili, yule dada ambaye marehemu wetu alikuwa akimwandama tangu siku ya kwanza, na kura ya tano ilitoka kaburini. Dada akanyongwa. Alikuwa mtu mwema kabisa! Mpiga Ramli huwa ana mtu mmoja mwema anayesomeka kama Pepo kwenye ramli yake, na yeye alikuwa amemshikilia huyohuyo mchezo mzima. Kijiji kikapotea. Aliyecheka kuliko wote ni yeye, na mchezo uliofuata alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Swali langu likajibiwa.

Kuna jambo la pili ambalo sijaona likisifiwa inavyostahili, na ndilo linaloufanya ufae mtandaoni hasa. Anayesimamia Mafia kwenye kundi la maandishi au la sauti anajua adha ya ujumbe wa pembeni. Sheria inakataza, watu wanatumiana, na wewe unageuka polisi: mara unaletewa picha ya skrini, mara unaulizwa mbona fulani na fulani wanapiga kura kama mapacha. Blood on the Clocktower unaruhusu minong'ono. Mchana unaanza kwa watu kutawanyika wawiliwawili na watatuwatatu kwenye vyumba vidogo vya sauti, wanadanganyana huko, kisha wanaitwa uwanjani kwa mashtaka na kura. Kilichokuwa udanganyifu wa nje ya mchezo kimekuwa mchezo wenyewe. Kazi ya upolisi imenipungua sana, na wale wapole ambao hawathubutu kusema mbele ya watu kumi na wawili wanasema mbele ya mmoja. Mjanja kuliko wote kwenye kundi letu ni mama mmoja ambaye uwanjani hutoa sentensi mbili tu, basi.

Vifaa ni suala dogo. Ipo programu rasmi inayoonyesha mduara wa viti, nani hai, nani marehemu na nani bado ana kura yake. Wengine wanatumia Discord kwa vyumba vya sauti na ubao wa kuchora mduara. Mduara usiupuuze. Wapo wahusika wanaotegemea jirani wa kushoto na wa kulia, kama yule anayeambiwa kila usiku ni wangapi kati ya majirani zake wawili walio hai ni waovu. Mkicheza kwa orodha ya majina tu, watu wanasahau nani kakaa wapi na mhusika huyo anakuwa hana maana. Usiku Msimulizi, yaani msimamizi wa mchezo, anawaamsha wahusika mmojammoja kwa ujumbe wa faragha, na hapo mtandao unaonyesha udhaifu wake: mezani ni kumgusa mtu goti, huku unamsubiri aone ujumbe, aulize "mimi?", kisha achague.

Tuje kwenye uongo. Kwenye michezo mingi ya aina hii wachezaji wanadanganya lakini mchezo hausemi uongo. Mpelelezi akiambiwa fulani ni msaliti, ni msaliti. Matokeo yake makundi yenye uzoefu hugundua njia ya mkato: kila mtu ajitaje, tulinganishe, tunyonge aliyebaki bila hadithi. Ikifika hapo mchezo umegeuka karatasi ya hesabu. Medway ameifunga njia hiyo kwa kufuli kadhaa. Mtia Sumu kila usiku anaharibu uwezo wa mtu mmoja, naye hajui kama ameharibiwa. Pepo anapewa majina matatu ya wahusika wema wasiokuwepo mchezoni, ayavae apendavyo. Halafu yupo Mlevi, ambaye ndiye roho ya mchezo huu kwangu mimi: anadhani ni mwanakijiji wa kawaida, ana kadi ya mwanakijiji, anaamshwa usiku kama mwanakijiji, na anacholetewa kinaweza kuwa uongo mtupu. Anatetea taarifa zake kwa machozi. Ni mtu mwema, ni mkweli, na anaua kijiji chake. Hakuna hila ya kibaraka yeyote inayonifurahisha kama kumsikiliza Mlevi mwenye uhakika.

Wapo wasiopenda hili. Rafiki yangu mmoja, mtu wa mantiki, aliniambia haoni sababu ya kufikiri kama taarifa yenyewe huenda imetiwa maji. Namwelewa, lakini uongo huu una mipaka: karatasi ya wahusika iko mbele ya kila mtu, na seti ya kuanzia, Trouble Brewing, ina wahusika 22 tu, wanakijiji 13, wa pembeni 4, vibaraka 4 na Pepo mmoja. Idadi ya wa pembeni ikizidi ile ya jedwali, yumkini yupo kibaraka anayeitwa Baroni, maana yeye huongeza wawili. Mwenye mantiki ana pa kushika, ila itabidi aulize, "Nani anaweza kuwa amelewa?" kabla ya kuuliza, "Nani anasema uongo?"

Sasa lawama. Mzigo wote umebebeshwa Msimulizi. Yeye ndiye anayeamua Mlevi aambiwe nini, Mpiga Ramli amsome nani vibaya, na Meya akishambuliwa usiku afe yeye au mwingine badala yake. Hayo ni maamuzi, si bahati nasibu, na wanaoshindwa hawasahau. Utaambiwa ulimbeba fulani. Utaulizwa mbona sumu ilimwangukia huyu. Kundi lenye msimamizi mmoja tu litamchosha mpaka alichukie jambo analolipenda. Lenu liwe na wawili au watatu wa kupokezana, na kila mmoja apate siku za kucheza tu. Sifa ya kwanza ya Msimulizi ni kutojali nani anashinda. Kujua sheria kunakuja baadaye.

Muda nao si haba. Watu 10 kwa sauti wanaweza kula saa moja na nusu bila kugundua, na kwa maandishi ni siku kadhaa. Mgeni akikabidhiwa orodha ya wahusika 22 anaona kama kapewa mtihani. Msimwache aisome peke yake. Mpeni wake mmoja na mmwambie wengine atawajua wakijitaja. Seti mbili nyingine zilizomo kwenye boksi, Bad Moon Rising na Sects & Violets, zisiguswe mpaka ile ya kwanza iwe imezoeleka. Najua zinavutia. Subirini.

Kama mko wachache au mna dakika ishirini tu, mchezo huu si wenu. Avalon unachezwa na watu 5 hadi 10, hakuna anayekufa, na unaisha kabla watu hawajaanza kupiga miayo. Among Us, uliotoka 2018 na kupata umaarufu wake mkubwa 2020, unawapa marehemu kazi za kumalizia na siku hizi unabeba watu 15, lakini mazungumzo yamebanwa ndani ya mikutano, na kundi langu ni la wasemaji. Roboti za Telegram zinazoendesha ile Mafia ya mbwa-mwitu hazihitaji msimamizi na zinafaa usiku ambao hakuna aliyejiandaa. Marehemu wake, hata hivyo, nimewaona wakipotea vilevile.

Sheria zetu wenyewe ni chache. Hakuna kuapa kwa mtoto, mzazi wala Mungu ili uaminiwe, maana kesho yake mtu anakumbuka kiapo na si mchezo. Hakuna picha za skrini za kadi au ujumbe wa Msimulizi. Hasira za mchezo zinamalizwa kwenye robo saa ya mwisho, pale Msimulizi anapofunua kitabu chake na kuonyesha nani alikuwa nani, nani alilewa na sumu ilikwenda wapi kila usiku. Robo saa hiyo msiikate hata kama muda umekwisha. Wapo wanaokuja kwa ajili yake tu, na ndipo aliyemtukana mwenzake siku ya pili huomba radhi bila kuambiwa, kwa sababu ameona kwamba mwenzake alikuwa Mlevi na si mwongo.

Ninachowashukuru wabunifu kuliko vyote ni Wasafiri. Hawa ni wahusika wa ziada, hadi watano juu ya wale 15, waliotengenezwa kwa ajili ya anayechelewa na anayejua ataondoka mapema. Anaingia katikati, uwezo wake unajulikana na wote ila upande wake haujulikani, na akitaka kwenda anakwenda bila kuvunja hesabu ya mchezo. Kijiji kikimchoka kinaweza kumfukuza kwa kura ya wote, wafu wakiwemo, bila kugusa kura yao ya akiba. Kundi la mtandaoni halijawahi kuanza kwa wakati na halitaanza. Huyu anaweka mtoto kitandani, yule intaneti yake imekatika tena. Zamani niliwaambia waliochelewa wasubiri mchezo ujao, na wengi waliishia kulala. Sasa nawapa kiti cha Msafiri, na kijiji kinaanza kuwashuku kabla hawajamaliza kusalimia.