Kadi za vyombo vya anga: miezi minne mezani kwetu Bagamoyo

Nilizinunua kwa ajili ya wapwa zangu, au ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Pakiti ina kadi 60, kila moja na chombo cha anga cha kubuni kutoka kwenye filamu au tamthilia, zimegawanywa kwa rangi kufuata kazi: bluu uchunguzi, nyekundu vita, rangi ya chungwa kusindikiza, kahawia mizigo, nyeupe tiba. Shilingi 38,000 pamoja na nauli ya kifurushi kutoka Dar. Nilikwenda kukichukua stendi.

Karatasi ni ngumu, imestahimili vidole vya mafuta ya maandazi. Ila kadi moja ilijirudia na nyingine haikuwemo. Muuzaji alijibu baada ya wiki tatu kwamba atanitumia. Bado nasubiri.

Mchezo wenyewe mtamu. Unavuta kadi ya safari, tuseme "peleka dawa" au "linda msafara", kisha unatoa chombo cha rangi inayofaa. Ugomvi unaanzia hapo hapo.

Enterprise ya tamthilia ya kwanza ya Star Trek, ile ya 1966, ni bluu. Sawa, ilitumwa miaka mitano kutafuta dunia mpya, na watu 430 ndani. Mpwa wangu mdogo akauliza: "Mjomba, mbona mchunguzi kabeba makombora?" Sikuwa na jibu la haraka. Defiant, ya Star Trek pia, je? Iliundwa makusudi kupigana na maadui waitwao Borg, imejaa silaha kuliko umbo lake, lakini Starfleet, kikosi chenye vyombo hivyo, haipendi kukiri kwamba inaunda manowari, kwa hiyo kwenye makaratasi yake ni chombo cha kusindikiza. Kadi ikafuata makaratasi: rangi ya chungwa. Basi ungetarajia Nebulon-B ya filamu za Star Wars nayo iwe chungwa, maana ni frigeti, manowari ya kusindikiza tangu kuundwa. La, ni nyeupe, kwa sababu kwenye filamu ya 1980 tunaiona ikiwa hospitali, shujaa Luke anawekewa mkono mpya. Na Millennium Falcon, ya Star Wars pia, ni kahawia kwa kuwa kiwandani ilitoka kama chombo cha mizigo. Magendo ya nahodha wake, Han Solo, hayatajwi.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kadi hizi, kubwa kuliko kadi iliyopotea. Kimoja kimepangwa kwa cheti, cha pili kwa tulichokiona kikifanya, cha tatu kwa kilivyoundwa. Mizani tatu kwenye duka moja.

Siku moja tulizipeleka ufukweni, mjomba wangu alikuwa anakalafati mashua. Akazigeuzageuza kadi, akauliza, "Tezi yake iko wapi?", yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Kwake yeye chombo ni mwili kwanza: jahazi na mashua zimekatwa tezi, dau limechongoka huku na huku, ngalawa ina matengo, yale mbao za pembeni za kuizuia isipinduke. Kazi haiulizi. Mashua ile ile wiki nzima inabeba samaki, Jumamosi inabeba watu wa harusi na ngoma zao, na hakuna anayeibadilisha jina.

Nilitaka kumwambia amepitwa na wakati, nikakumbuka neno meli. Wazee walilitoa kwenye Kiingereza, "mail", yaani barua: stima iliyoleta barua. Lilikuwa jina la kazi kabisa, kama kwenye kadi. Leo tunasema meli ya mafuta, meli ya mizigo, na barua haimo hata moja.

Nazipa nyota 3 kati ya 5. Kama una watoto wanaopenda kubishana, nunua. Kama unataka orodha ya kuaminika, pesa yako iweke. Sisi tumeshika penseli: kila kadi sasa ina maneno mawili pembeni, kilichoundiwa na kinachofanya. Falcon imeandikwa "mizigo / magendo". Defiant, "manowari / manowari", kwa herufi kubwa.

Pengo la kadi iliyokosekana mpwa wangu mdogo amelijaza mwenyewe kwa kuchora mashua ya mjomba wangu, tanga likiwa wazi na nyota nyuma yake. Amechora vizuri. Ila rangi hajaipaka hadi leo, kila mtu nyumbani anamtajia yake.