Rangi ya kupaka upya viti vya ngozi vya gari: bidhaa nzuri, maelezo pungufu

Viti vya Harrier yangu, ambayo ilikwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, vilikuwa bado vizuri isipokuwa kile cha dereva. Ubavu wake wa kulia, pale paja linapojisugua kila ninapopanda na kushuka, ulikuwa umechubuka mpaka ngozi ya ndani ikaonekana. Fundi mmoja alipafunika kwa kiwi nyeusi ya viatu, na Ijumaa iliyofuata nikaingia msikitini na baka jeusi kwenye kanzu. Baada ya hapo niliagiza rangi maalumu ya viti vya ngozi, nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani.

Ndani ya boksi mlikuwa na sabuni ya ngozi, spiriti, dawa ya kujazia nyufa, chupa ya rangi nyeusi ya mililita 250, vanishi isiyong'aa na sponji mbili. Rangi yenyewe naisifu bila kusita. Ni ya maji, haina harufu ya kuumiza kichwa, na ilishika vizuri hata chini ya ubavu ule, ambako kumbe si ngozi halisi bali ni reksini, yaani ngozi bandia. Viti vingi vya magari hupakwa rangi juu ya uso wa ngozi kiwandani, kwa hiyo kinachochakaa kwanza ni tabaka hilo, nalo ndilo linalorudishwa. Anayetaka kuhakikisha adondoshe tone la maji mahali pasipochubuka: likinywewa upesi, ngozi yake ni ya aina nyingine na asiipake rangi hii.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelezo, ambayo inasema mtu afute kiti kwa spiriti kisha apake. Nilifanya hivyo hivyo. Kesho yake nilipopitisha ukucha, rangi ilibanduka kama utando wa uji uliopoa, kwa sababu kiti kilikuwa kimepakwa kwa miaka mingi ile dawa ya kung'arisha inayotumika kwenye maeneo ya kuoshea magari, yenye silikoni, na juu ya silikoni hakuna rangi inayoshika. Ilinibidi niibandue yote, nisugue kiti kwa sabuni na brashi laini, nifute kwa spiriti mara tatu mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, kisha nipitishe msasa namba 600 kwa mkono mwepesi. Kazi hiyo peke yake ilinichukua asubuhi nzima, wakati kupaka hakukuzidi saa mbili.

Nilipaka mikono mitano myembamba, wa kwanza kwa kugongagonga ili rangi iingie kwenye mikunjo, na kila mmoja niliukausha kwa draya ya nywele ya mke wangu. Katikati ya kiti, penye vitundu vya hewa, sponji inatakiwa iwe karibu kukauka, la sivyo vitundu vinaziba. Hilo nalo halikuandikwa popote, na vitundu vyangu kadhaa vimeziba. Vanishi niliipaka mara tatu, kwani ndiyo inayozuia rangi isihamie kwenye nguo, nikaliacha gari kivulini siku nzima na usiku wake kabla ya kulikalia.

Miezi saba imepita. Kanzu inatoka safi, na weusi wa ubavu ule hautofautiani na wa kiti cha abiria. Ufa mmoja mrefu karibu na mshono umefunguka tena, wembamba wa unywele, maana dawa ya kujazia inafaa mikwaruzo na nyufa za juujuu tu. Ngozi iliyochanika au uzi uliokatika ni kazi ya fundi wa cherehani, na ifanywe kabla ya rangi. Chupa imebaki na robo hivi, nayo nimeiweka kwa ajili ya usukani.