"Asadoya Yunta" ya Haruomi Hosono, imesikilizwa kwenye cherehani Kadutu

Mimi ni fundi nguo, niko Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na muziki naupima kwa mguu. Wimbo usipoenda na pedali ya mashine, naufuta. Kijana anayetutilia nyimbo kwenye telefone aliuchomeka huu katikati ya rumba nilizolipia, franka 500 zote, wala hakuniuliza. Nilitaka kumwendea na ugomvi. Kabla sijamaliza ukosi wa shati moja, nilikuwa nimeurudisha mara tatu.

Asili yake ni kisiwa cha Taketomi, huko Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Hosono, mwanamuziki wa Japani, aliuweka kwenye albamu yake Paraiso ya 1978. Yunta ni nyimbo za kazi: mmoja anaanza, wenzake wanaitika. Ndiyo maana mguu uliuelewa kabla ya kichwa. Kiitikio ni "sa yui yui". Wanafunzi wangu wawili, Kijapani hawajui hata kidogo, sasa wanaitika huku wakipiga pasi, na pasi ya makaa inatua kwenye "yui" ya pili. Mteja mmoja aliuliza kama ni Kihavu, lugha ya kisiwa chetu cha Idjwi.

Maana alinitafutia mtoto wa dada yangu, nami nikaacha mashine nimsikilize. Hadithi ya zamani ni ya Kuyama, msichana mrembo wa karne ya 18. Afisa mdogo wa ufalme wa Ryukyu, uliotawala visiwa hivyo, alimtaka, binti akakataa, bwana akaenda kutafuta mwingine kijiji cha pili. Kumkataa mtu wa serikali, wakati ule! Lakini mwaka 1934 uliandikiwa maneno mapya kwa ajili ya santuri, na hayo ndiyo yanayoimbwa sana hadi leo. Humo Kuyama hayumo tena. Kuna mwanamume tu, anamwita mpenzi wake ua la miiba la porini, linalomnasa jioni akirudi nyumbani. Ua ni zuri, sikatai, ila mimi ningependa kumsikia Kuyama mwenyewe akijibu.

Uimbaji wa Hosono ndio ulionishika. Sauti ya chini, taratibu, hakuna kulia wala kupiga magoti. Kuna mtu alikuwa ananiletea suruali ileile niipunguze kiuno. Mara nne. Mifuko ya nyuma ilikaribia kugusana. Anasalimia, "Mama fundi, habari ya kazi," anakaa kwenye benchi, anatazama mvua, anaenda. Sikumkubali, na hakuwahi kuniuliza kwa mdomo. Hosono anaimba kama mtu yule.

Kwa kushona pindo refu na mapazia, wimbo uko sawa kabisa. Kwa vifungo unachelewesha, mkono unasimama kusikiliza. Tumieni ekutere, vile vya kuvaa masikioni, spika ya telefone inakula sauti za besi zote.

Suruali bado imetundikwa hapa nyuma ya mlango. Alishalipa.